Tatami Isiyo na Mizani

Hoja iliyo mezani ni fupi: judo ya Olimpiki irudishe uzani huria, yaani lile kundi ambalo mtu yeyote, awe na kilo 60 au 150, anaruhusiwa kuingia na kupambana na yeyote atakayepangiwa na droo. Kundi hilo lilikuwapo judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, likachezwa mara ya mwisho Los Angeles 1984, na kuanzia Seoul 1988 likafutwa kwenye ratiba. Wanawake ndio hawakuwahi kuonja kabisa, kwa kuwa judo yao ilipokubaliwa rasmi mwaka 1992 mlango ulikuwa umeshafungwa. Naiunga mkono hoja. Lakini mjadala wa mtu mmoja ni hotuba, kwa hiyo nawakaribisha watatu ambao sauti zao hazikosekani popote judo inapozungumzwa: Kocha, ambaye kazi yake ni kushinda; Daktari, ambaye kazi yake ni kuwarudisha watu nyumbani wakiwa wazima; na Mzee wa Dojo, anayeamini kwamba judo ilikufa siku watu walipoanza kupandishwa mizani kama magunia ya mahindi.

Kocha anaanza, na anaanzia pale pale wanapoanzia wote. "Ndugu mwandishi, mjadala huu ulikwisha tarehe 23 Oktoba 1964 ndani ya ukumbi wa Nippon Budokan. Mholanzi Anton Geesink, mwenye urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kama kilo 120, alikutana na Akio Kaminaga kwenye fainali ya huo uzani huria wako. Kaminaga alizidiwa kilo 18 hivi, na kimo alizidiwa vibaya. Japani nzima ilikuwa inatazama. Dakika ya kumi haijafika, kijana wao yuko chini, amebanwa, sekunde 30 zinahesabiwa, basi. Siku ile dunia iliona kwa macho: mafundi wawili wakilingana ufundi, mwenye mwili mkubwa anashinda. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa madaraja ya uzito. Unataka turudi nyuma tukafundishwe tena?"

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi hata ikapoteza mpangilio wake. Madaraja hayakuletwa na Geesink. Tokyo 1964 tayari ilikuwa na madaraja matatu pamoja na uzani huria: wasiozidi kilo 68, wasiozidi kilo 80, na waliozidi kilo 80. Wajapani walishinda yote matatu, kwa Takehide Nakatani, Isao Okano na Isao Inokuma. Na huyo Inokuma ndiye shahidi ambaye Kocha hakumwita. Alishinda daraja la waliozidi kilo 80 ilhali yeye mwenyewe hakufika kilo 90. Katika fainali alisimama mbele ya Doug Rogers wa Kanada, mtu wa karibu kilo 120, akamshinda kwa uamuzi wa waamuzi. Pengo la Inokuma na Rogers lilikuwa kubwa kuliko pengo la Kaminaga na Geesink, karibu mara mbili yake tukihesabu kwa asilimia, na mdogo ndiye aliyepanda jukwaa la juu. Yote mawili yalitokea ndani ya ukumbi mmoja, katika juma moja. Anayetaka kutumia Tokyo kama ushahidi kwamba mwili mkubwa lazima ushinde inabidi kwanza amfiche Inokuma mahali.

Tena hata hilo pambano la Geesink lenyewe halisemi linavyosemeshwa. Kaminaga aliingia kushambulia, shambulio likakatika, wakaenda chini, na huko chini Geesink akamfunga kwa kesa-gatame: mkono mmoja umezunguka shingo, wa pili umeushika mkono wa mwenzake na kuubana kwapani, ubavu umemlalia kifuani, miguu imetanuliwa sakafuni ili asipinduliwe. Ni mshiko ambao mwanafunzi wa judo huufundishwa katika wiki zake za mwanzo. Uzito unasaidia, nani atakataa? Lakini jitu lenye kilo 120 lisilojua kuugawa uzito huo kifuani mwa mtu hupinduliwa mara moja na bingwa kama Kaminaga. Geesink hakuokotwa barabarani. Alikwenda Japani kujifunza, akafanya mazoezi Chuo Kikuu cha Tenri pamoja na watu wale wale aliokuja kuwashinda, na miaka mitatu kabla ya Tokyo alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mjini Paris kwa kumshinda Koji Sone, bingwa wa 1958. Wakati huo mashindano ya dunia hayakuwa na madaraja kabisa. Kilichowaliza Wajapani Budokan ni kwamba mgeni aliijua judo yao sawasawa nao. Na pale Waholanzi walipotaka kurukia tatami kushangilia, Geesink aliinua mkono kuwazuia, kisha akamalizia salamu na mpinzani wake kama inavyotakiwa. Aliyefanya vile alikuwa amejifunza judo mpaka adabu yake.

"Sawa," anasema Kocha, "tuache historia. Twende kwenye haki. Ni haki gani kumweka mtu wa kilo 66 mbele ya mtu wa kilo 100?"

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo, na napenda tukitazame kwa takwimu badala ya hisia. Madaraja ya wanaume yanayotumika leo ni kilo 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya 100. Yaangalie vizuri: hatua ya kwanza ni kilo 6, inayofuata 7, kisha 8, 9, 10. Aliyeyapanga alikuwa na akili ya mahesabu. Kila daraja linapita lililo chini yake kwa asilimia 10 au 11 tu. Halafu ghafla, tukishafika kilo 100, hesabu inaachwa njiani. Juu ya hapo hakuna dari. Mtu wa kilo 101 anaweza kupangiwa Teddy Riner, Mfaransa wa mita 2.04 na kilo zipatazo 140, tofauti ya karibu asilimia 39, na hakuna kamishna wa mashindano anayeandika barua kulalamikia haki. Kama ulinganifu wa miili ndio msingi wa haki ya judo, basi msingi huo unalindwa kwa ukali kwa mtu wa kilo 60 na unatupwa kabisa kwa mtu wa kilo 101. Mwenye kilo 73 akizidi gramu mia usiku wa kupimwa, nje. Aliye juu ya 100 anaweza kula chakula cha jioni mara tatu. Sijawahi kuona utetezi wa madaraja unaoeleza jambo hili bila kuhama kutoka hoja ya haki kwenda hoja nyingine.

Na hiyo hoja nyingine ipo, tena ni nzuri kuliko ile ya haki. Nitaifikia. Kwanza Mzee wa Dojo amesimama, maana ameona nafasi yake.

"Mwanangu, umesema vema, sasa malizia. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 akiwa mtu mfupi, hata mita 1.60 hakufika, na alichotaka kufundisha ni namna ya kuutumia mwendo wa mtu mkubwa kumwangusha mwenyewe. Wembamba wa reli, treni inapita! Judo ya mizani ni kinyume cha judo. Mashindano ya dunia ya 1956, 1958 na 1961 hayakuwa na mizani, na hakuna aliyekufa. Yafute madaraja yote, tubaki na tatami moja."

Shikamoo, Mzee, lakini hapana. Kano aliaga dunia mwaka 1938 akiwa melini, akirudi kutoka mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki uliofanyika Cairo, na kwa hiyo hakuiona judo ikichezwa Olimpiki. Tusimpe maoni juu ya ratiba ambayo hakuishi kuisoma. Tazama badala yake kilichotokea pale ambapo mizani haikuwahi kuingia. Mashindano ya Japani Nzima, ambayo kwa desturi hufanyika kila tarehe 29 Aprili Budokan, yamebaki bila madaraja mpaka leo. Je, wadogo wanashinda? Wachache mno. Okano, yule bingwa wa kilo 80 wa Tokyo, alishinda mwaka 1967 na tena 1969, na mpaka leo anatajwa kwa mshangao. Mwaka 1990 Toshihiko Koga, ambaye daraja lake lilikuwa kilo 71, aliingia akawaangusha watu wazito mmoja baada ya mwingine hadi fainali, akakutana na Naoya Ogawa mwenye kilo kama 130, akashindwa. Watu wa Japani wanaikumbuka fainali ile ya mtu aliyeshindwa kuliko wanavyozikumbuka fainali nyingi za walioshinda. Lakini Mzee, kumbukumbu si medali. Koga alipata dhahabu yake ya Olimpiki Barcelona 1992 katika kilo 71, goti likiwa limeumia, na bila daraja hilo angebaki kuwa hadithi nzuri ya mtu aliyekaribia. Ukifuta madaraja, kizazi kizima cha akina Koga unakipa makofi na kukinyima jukwaa.

Hii ndiyo sababu ya kweli ya madaraja. Yako pale kwa ajili ya idadi ya milango. Kusawazisha pambano kati ya Ali na Juma ni manufaa ya pembeni, na tumeona kwamba kwa wazito hata manufaa hayo yameachwa. Dunia ina nchi nyingi ambazo watu wake kwa wastani si wa kilo 100, na mwili wa kilo 60 unaweza kujaa ustadi ambao dunia haitauona kamwe kama mlango ni mmoja. Judo ilipokosekana Mexico 1968 na kurudi Munich 1972 ikiwa na madaraja matano pamoja na uzani huria, ilikuwa inaongeza milango. Ilipofika Moscow 1980, wanaume walikuwa na madaraja saba na huria. Nayakubali yote saba na sitaki hata moja lipungue. Ila tukishakubali kwamba kazi ya daraja ni kufungua mlango, basi ile sababu ya kuufunga mlango wa nane inayeyuka, kwa maana uzani huria haumnyang'anyi mtu wa kilo 60 kitu chochote. Dhahabu yake ya kilo 60 iko pale pale. Kinachobaki ni kumuuliza kama anataka, baada ya kuichukua au kuikosa, kwenda kujaribu tatami nyingine.

Daktari amekuwa kimya akiandika. "Umeongea habari ya milango," anasema, "mimi niongee habari ya magoti. Mtu wa kilo 140 akitupwa vibaya akamwangukia wa kilo 70, kinachokatika hakirudi kwa makofi. Wewe unataka burudani, na gharama yake italetwa wodini kwangu."

Hofu hiyo siidharau, wala sitamwambia Daktari kwamba kilo hazina maana mtu anapoanguka na mwenzake juu yake. Namwomba tu aweke kwenye upande wa pili yale ambayo mizani yenyewe imeleta wodini. Mwaka 1996 Chung Se-hoon, judoka wa Korea Kusini, alifariki akiwa katika kupunguza uzito kabla ya Olimpiki ya Atlanta. Mwishoni mwa 1997 wanafunzi watatu wa mieleka wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache kwa sababu hiyo hiyo: mavazi ya mpira, vyumba vya joto, kukimbia bila kunywa maji, ili sindano ya mizani isogee. Sheria za mchezo huo vyuoni zilibadilishwa baada ya vifo hivyo. Paris 2024 Vinesh Phogat wa India, mwanamieleka wa kilo 50, alifika siku ya fainali akiwa amezidi gramu 100 na akaondolewa kabisa kwenye mashindano. Kabla ya hapo alikuwa amekesha akijaribu kuzitoa. Shirikisho la Kimataifa la Judo linalijua tatizo. Judoka anapimwa jioni ya kuamkia mashindano, na asubuhi yake wachache huchaguliwa kwa kura wapimwe tena, wasiwe wamepita asilimia 5 juu ya kikomo. Kwa mtu wa kilo 73 maana yake ni kilo 3.65. Yaani sheria yenyewe inakiri kwamba mwanamume aliyeandikwa 73 jioni anaweza kuamka na 76 na nusu, na inachojaribu ni kuweka kiasi kwenye mchezo huo wa kujikausha na kujijaza. Uzani huria ungekuwa shindano pekee la judo ya Olimpiki ambalo mtu wa uzito wowote analiingia akiwa ameshiba na amekunywa maji. Kwa afya ya wachezaji hilo si jambo dogo.

"Hapo umenikwepa," anasema Daktari. "Kujikausha ni kosa la kujikausha. Linaweza kurekebishwa bila kumpeleka mtu mdogo chini ya mtu mkubwa."

Ni kweli, na ningebaki bila jibu kama Olimpiki yenyewe isingekuwa tayari inampeleka. Tangu Tokyo 2020 kuna shindano la timu mchanganyiko, wanaume watatu na wanawake watatu. Kwa wanaume madaraja yake ni kilo 73, kilo 90 na zaidi ya 90. Saba yamebanwa yakawa matatu. Mwenye kilo 66 anaingia kupambana na wa 73. Mwenye 81 na wa 90. Mwenye 100 anaweza kukutana na Riner. Hakuna aliyepiga kelele za magoti. Kinyume chake, fainali ya Paris 2024, Ufaransa na Japani, tarehe 3 Agosti kwenye ukumbi wa Champ-de-Mars, ndiyo pengine pambano la judo lililozungumzwa zaidi mwaka ule, na kilichoigeuza ni watu wa uzito tofauti kukutana. Japani iliongoza tatu kwa moja. Ikabidi Hifumi Abe, bingwa mara mbili wa Olimpiki katika kilo 66, asimame mbele ya Joan-Benjamin Gaba wa kilo 73, aliyekuwa ametoka kupata fedha. Karatasi ilisema Abe. Sifa zilisema Abe. Kilo zilisema Gaba. Wakaenda muda wa nyongeza, ambao katika judo hauna mwisho mpaka mmoja apate alama au adhabu ya tatu, na Gaba akashinda. Mfaransa mwenzake Clarisse Agbegnenou akasawazisha. Kisha gurudumu la kielektroniki likazungushwa kuchagua daraja la pambano la mwisho, likasimama kwenye zaidi ya kilo 90, na Riner akamtupa Tatsuru Saito ukumbi ukalipuka. (Uchaguzi wa bahati nasibu ulioangukia jina la shujaa wa nyumbani ulizua maneno mitandaoni; tuyaache huko huko.) Ninachomwambia Daktari ni hiki: kanuni ya kuwakutanisha watu waliopishana uzito imeshapitishwa, imeshajaribiwa na imeshapendwa. Sharti moja nalikubali bila ubishi kwa ajili yake, kwamba wasio watu wazima wasiruhusiwe kuingia uzani huria hata kama wamefuzu daraja lao.

Kocha amerudi, na safari hii ana silaha nzito zaidi. "Tuseme umerudishwa uzani wako. Nani ataingia? Wazito tu. Munich 1972 Mholanzi Willem Ruska alichukua dhahabu ya wazito na ya huria, zote mbili. Mashindano ya dunia ya uzani huria ya 2017 pale Marrakech, nani alishinda? Riner. Utakuwa umeunda dhahabu ya pili kwa mtu yule yule. Mlango wako wa nane unaingia chumba kile kile cha saba."

Kati ya pingamizi zote, hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa kuwa linatumia kipimo changu mwenyewe. Nalijibu kwa orodha ya mabingwa watano wa uzani huria wa Olimpiki. Geesink na Ruska, ndiyo, walikuwa miamba. Lakini Haruki Uemura wa Montreal 1976 alikuwa mfupi na mwepesi kwa mzito, na fainali alimshinda Keith Remfry wa Uingereza aliyemzidi urefu kwa mbali. Dietmar Lorenz wa Ujerumani Mashariki, bingwa wa Moscow 1980, hakuwa hata wa daraja la juu. Daraja lake lilikuwa kilo 95, ambalo alipata shaba tu, kisha akaingia huria na katika fainali akamshinda Angelo Parisi, Mfaransa aliyekuwa ameshatwaa dhahabu ya wazito wa zaidi ya kilo 95 katika michezo ile ile. Kwa lugha ya Kocha: mtu wa chumba cha sita alipita mlango wa nane akamshinda bwana wa chumba cha saba. Na Marrakech, aliyefika fainali na Riner alikuwa Toma Nikiforov wa Ubelgiji, mtu wa kilo 100. Alishindwa, lakini fedha yake ilitoka nje ya wazito. Sidai kwamba wa kilo 66 atakuja kuibeba dhahabu hiyo. Nadai kwamba ushindani wa kweli utakuwa kati ya kilo 90 na 140, eneo ambalo leo limekatwa na kuta mbili bila sababu ya kiufundi, na kwamba kutoka chini ya hapo atajitokeza mara moja moja mtu kama Koga.

Juu ya Ruska na dhahabu mbili, dawa ipo na haihitaji kamati. Aliyejiandikisha zaidi ya kilo 100 asiingie huria, achague. Wengine wote waingie wakipenda. Los Angeles 1984 Wajapani waliligawa hivyo wenyewe: Hitoshi Saito, baba yake Tatsuru, akapewa wazito na akashinda, Yasuhiro Yamashita akaingia huria. Kilichofuata kinajulikana hata na wasiofuatilia judo. Yamashita aliumia msuli wa nyuma wa mguu wa kulia katika raundi za awali, akafika fainali akichechemea, na mbele yake alikuwa Mohamed Rashwan wa Misri. Pambano halikumaliza dakika mbili; Yamashita alimbana chini akashinda. Rashwan alitunukiwa tuzo ya uungwana wa michezo kwa kutouandama mguu ule, ingawa wapo wanaoitazama filamu ya pambano na kubishana kama kweli hakuugusa. Mimi ubishi huo haunikeri. Linalonihusu ni kwamba fedha ya Rashwan ilikuwa medali pekee ya Misri katika michezo ile yote, na ilipatikana kwenye lile kundi ambalo miaka minne baadaye lilifutwa. Wapo watakaosema uzani huria ni karamu ya mataifa makubwa. Fainali yake ya mwisho ya Olimpiki ilikuwa ya Mjapani na Mwafrika.

Inabaki hoja ya nafasi, ambayo maofisa huipenda kwa sababu inamaliza mazungumzo haraka. Kamati ya Olimpiki huweka kikomo cha wachezaji kwa kila mchezo, na judo ya Paris ilipewa 372 kwa dhahabu 15: saba za wanaume, saba za wanawake na moja ya timu. Lakini timu mchanganyiko haikuongeza hata mchezaji mmoja kwenye hesabu hiyo. Ilitumia waliokuwa wameshafika. Uzani huria ungefanya vivyo hivyo. Gharama yake ni siku moja ya ukumbi.

Siku hiyo moja ina thamani gani, na kwa nani? Tanzania ilikuwa na judoka mmoja Paris 2024, Andrew Thomas Mlugu, kilo 73. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa hivyo hivyo, mtu mmoja au wawili, na nchi ya namna hiyo haina timu ya kuingiza kwenye mchanganyiko, ambako wanahitajika sita. Pambano la judo ni dakika nne. Nafasi ya kurudi kugombea shaba hupewa wale tu waliofika robo fainali. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya mazoezi miaka minne, akasafiri nusu ya dunia, akapoteza pambano la kwanza ndani ya sekunde arobaini na kuvua judogi. Mfaransa aliyepoteza asubuhi bado ana Jumamosi ya timu. Huyu wa kwetu hana kitu cha kungoja ila ndege ya kurudi. Mwekee uzani huria na utakuwa umempa pambano la pili asilohitaji kulikaushia mwili, dhidi ya mtu ambaye hakuwahi kumwona kwenye daraja lake.

"Na droo ikimpa Riner?" anauliza Kocha.

Riner atakuwa amechagua wazito, kwa sheria niliyoitaja hapo juu. Na kama amechagua huria, basi kijana wa kilo 73 ana hiari ya kutojiandikisha. Wapo watakaojitoa. Kwa ninavyowajua watu wanaocheza judo, foleni ya wanaotaka kumjaribu itakuwa ndefu kuliko Kocha anavyodhani, na Daktari itabidi akae karibu na tatami.